Daftari Lako Baada ya Kisomo



Leo tuzungumze juu ya kitu cha bei ndogo. Kitu hicho ni daftari la shule, pamoja na kalamu moja. Vitu hivi viwili vinapatikana madukani, Masasi kule chini na Newala kule juu. Watoto wetu wanavitumia kila siku. Sisi watu wazima tunavinunua kwa ajili yao, tunawakabidhi, kisha tunarudi shambani mikono mitupu.

Ukurasa huu unasema: safari hii nunua mawili. Moja la mtoto, moja lako.

Utauliza, la kazi gani? Subiri kidogo. Kwanza tukumbuke tulikotoka.

Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwenyewe. Mwisho wa mwaka huo zilitajwa wilaya sita. Wilaya hizo zilitakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka 1971 haujaisha. Zilikuwa Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Rungwe na Masasi. Ndiyo, Masasi yetu ilikuwamo. Baadaye kazi hiyo ikawa ya nchi nzima. Mwezi wa Agosti mwaka 1975 watu wazima wa Tanzania walikaa kufanya mtihani. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1975 walibaki 39.

Ilikuwa kazi kubwa. Mtu ametoka shambani, ametwanga, amechota maji, na bado anakwenda kujifunza herufi. Wenye mikono migumu kwa jembe walishika chaki.

Lakini liko jambo moja la kusikitisha. Wako watu waliofaulu, kisha wakasahau. Herufi walizozipata kwa jasho ziliwatoka moja moja. Sababu yake si uzee wala uvivu. Walipomaliza kisomo hawakuwa na kitu cha kuandika. Walitia sahihi kwenye chama cha msingi siku ya kuuza korosho, basi. Kutia sahihi mara moja kwa mwaka hakutoshi. Jembe linalotundikwa darini msimu mzima hushika kutu, na maarifa ya kuandika ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo daftari ni kwanza dawa ya kusahau. Lakini lina faida nyingine mbili, na hizo ndizo ninazotaka kuzieleza leo. Linaamsha ubunifu. Na linatuliza moyo.

MZEE WA UKEREWE

Katika zile wilaya sita nimeitaja Ukerewe. Ni kisiwa katika Ziwa Viktoria, mbali sana na kwetu. Huko aliishi mtu mmoja ambaye habari zake zinatufaa sisi wa Kusini. Jina lake Aniceti Kitereza.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma katika shule ya misheni, akajua lugha nyingi. Alimwoa Bibi Anna. Walipata watoto, lakini mauti yaliwachukua, na wazee hao hawakubaki na mtoto hata mmoja. Msomaji, wewe unajua jambo hilo maana yake nini katika kijiji. Watu husema maneno. Ndugu huja na mashauri yao. Nyumba huwa kimya jioni.

Kitereza alichukua kalamu. Alianza kuandika hadithi ndefu ya mume na mke wa zamani wasiopata mtoto. Mume anaitwa Myombekere, mke Bugonoka. Katika hadithi hiyo ndugu za mke wanakuja kumchukua binti yao kwa sababu hajazaa. Mume hamtafuti mke mwingine. Anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe arudi. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi kama faini, naye anahangaika mpaka anaipata. Kisha wanatafuta mganga, na mwishowe wanapata mtoto wa kiume, halafu wa kike.

Tazama alivyofanya mzee huyu. Uchungu ulikuwa wake mwenyewe, lakini hakuandika malalamiko. Aliwapa uchungu ule watu wa hadithi, akawapa pia furaha ambayo yeye hakuipata. Huo ndio ubunifu. Tena aliingiza humo mambo yote ya Wakerewe wa zamani: jinsi ya kulima, kuvua, kusalimiana na wakwe, kuuguza na kuzika. Aliona vijana wanaanza kuyasahau, akayaweka katika karatasi.

Alimaliza mwaka 1945. Aliandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake. Kitabu hakikupata mchapaji. Miaka ikapita. Alipokuwa mzee alikaa chini akakitafsiri chote mwenyewe kwa Kiswahili, huku ugonjwa wa viungo ukimsumbua. Kilichapishwa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, katika vitabu viwili. Hesabu mwenyewe: tangu 1945 mpaka 1980 ni miaka 35. Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Wengine wakisikia habari hii husema, maskini, alijisumbua bure. Mimi sikubali. Miaka yote ile mtu huyu alikuwa na kazi ya kukaa nayo jioni. Nyumba yake haikuwa na watoto, lakini ilikuwa na watu aliowaumba kwa kalamu. Nasi tumepata kitabu. Ukikikuta katika maktaba, kiombe. Ni kinene, usiogope. Soma kurasa mbili kwa siku, kwa sauti, na mwenzako asikilize.

JE, KUANDIKA KUNATULIZA KWELI?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mkulima wa korosho anaujua ukweli wa methali hiyo. Ukiandika kilo ulizopeleka ghalani, tarehe, na fedha ulizolipwa, hakuna atakayekuzungusha. Ukiandika siku uliyopuliza salfa, mwakani utajua kama uliuwahi ubwiri unga au ulichelewa. Hayo tumefundishwa miaka mingi.

Lakini mtu hana mali tu. Ana mawazo pia. Mawazo yasiyo na mahali pa kukaa huzunguka kichwani usiku kucha. Deni la duka, ugomvi na shemeji, mtoto aliyekwenda Dar es Salaam na hapigi simu. Yote huja pamoja saa nane za usiku, na kila moja linaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake, walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15 kila siku, kwa siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika mambo yaliyowaumiza sana maishani, nao hawakulazimishwa kumwonyesha mtu anayewajua. Hao wa pili walihuzunika zaidi siku zile za kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata, wale walioandika jambo lenyewe pamoja na walivyojisikia walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Tangu hapo wataalamu wengi wamerudia majaribio ya namna hiyo. Faida imeonekana, ingawa si kubwa kwa kila mtu.

Kwa hiyo tusidanganyane. Karatasi si daktari. Mtu asiyelala wiki nzima, au anayewaza kujidhuru, aende kituo cha afya na awaambie watu wake. Daftari ni la mizigo ya kila siku, ile ambayo kila mtu anayo.

Wapo Waswahili waliolijua jambo hili kabla ya wataalamu. Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali. Kazi ya karani ni kuandika mambo ya wengine mchana kutwa. Juu ya kazi hiyo aliandika mambo yake mwenyewe. Alipofiwa na mkewe Amina, alitunga shairi la maombolezo na kulipa jina la mkewe. Habari za maisha yake aliziweka katika kitabu kiitwacho Maisha Yangu. Tena alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye alimwandikia barua mwaka baada ya mwaka, tangu 1931 mpaka 1958. Barua hizo zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2002.

Barua kwa ndugu! Jambo la kawaida kabisa. Siku hizi tunapiga simu, na simu ni nzuri kwa habari ya haraka. Lakini maneno ya simu yakisemwa yamekwisha, na salio limekwisha. Barua unaifikiria kabla ya kuiandika, na mwenzako anaisoma mara tatu.

"MIMI SINA UBUNIFU"

Maneno haya husikika kwa watu wazima, hasa waliojifunza kusoma ukubwani. Tena husemwa na watu wa Newala na Masasi! Nashangaa. Ubunifu wa Wamakonde unajulikana dunia nzima kwa sababu ya vinyago.

Chukua habari ya Samaki Likankoa. Huyu alikuwa mchongaji Mmakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Husimuliwa kwamba siku moja kinyago alichokuwa akichonga kilivunjika mkono. Mpingo ni mti wa bei, hautupwi. Likankoa alikiendeleza hivyo hivyo kilivyo, akatoa sura ya ajabu isiyo ya mtu wa kawaida. Mnunuzi akakipenda. Ndivyo vinavyosimuliwa kuzaliwa vile vinyago vya shetani, ambavyo baada yake wachongaji wengi walivichonga.

Basi nawe usiogope daftari lako likivunjika mkono. Umeandika "kolosho" badala ya "korosho"? Endelea. Umesahau neno la Kiswahili? Weka la Kimakonde, la Kiyao, la Kimakua au la Kimwera. Mzee Kitereza alianza na Kikerewe. Daftari hili halina mwalimu wa kulisahihisha, wala halina mtihani wa Agosti.

Tena iko habari ya zamani zaidi, ya hapa hapa kwetu. Mwaka 1906 alifika Mjerumani mmoja, Karl Weule, akapita Masasi, akapanda mpaka Newala. Alikuja kuchunguza maisha ya watu. Vitu vingi alivyokusanya alivipeleka kwao Leipzig, na hilo ni jambo la kuzungumza siku nyingine. Lakini alifanya jambo moja la maana. Aliwapa wapagazi wake na watu wa huku karatasi na penseli, akawaambia wachore wanachotaka. Wengi wao hawakuwa wamewahi kushika penseli. Mmoja wao alikuwa nyapara wa wapagazi aliyeitwa Pesa Mbili. Wakachora. Wakachora watu, wanyama, na mambo waliyoyaona safarini. Michoro hiyo ilichapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1908, na mpaka leo iko.

Kumbuka mwaka huo. Vita vya Majimaji vilikuwa bado havijaisha. Nchi ya Kusini ilikuwa na njaa na misiba. Na watu wale, walipopewa karatasi na dakika chache za kukaa, walikuwa na jambo la kuchora.

NAMNA YA KUANZA

Chagua saa moja iliyo yako. Mwanamke atasema, saa hiyo iko wapi? Naelewa. Kazi za mama haziishi, na Newala kupata maji peke yake kunaweza kula asubuhi nzima. Lakini hapo hapo kwenye foleni ya ndoo pana muda. Huwezi kuandika pale, lakini unaweza kuchagua sentensi utakayoiandika ukifika nyumbani. Wengine hupenda alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Wengine hupenda jioni, chakula kikishaliwa, kwa taa ya sola au kibatari. Baba naye asaidie. Akimshika mtoto kwa robo saa hatapungukiwa kitu.

Ukishakaa, usiandike mara moja. Zima redio. Weka simu mbali. Kaa kimya, uvute pumzi taratibu, usikilize kilichopo: jogoo, upepo kwenye mikorosho, mtu anayetwanga kwa jirani. Mchongaji mzuri hakimbilii shoka. Huligeuza gogo kwanza, akalitazama. Fanya hivyo na siku yako.

Kisha andika sentensi moja. Moja inatosha kwa wiki ya kwanza. Kwa mfano: "Leo mvua imenyesha kidogo, mbaazi zimefurahi." Au: "Leo nimemkumbuka mama." Ukimaliza, soma ulichoandika kwa sauti ndogo. Wiki ya pili sentensi zitakuwa tatu bila kujilazimisha.

Siku ukiwa na hasira, andika hasira yako yote. Andika maneno ambayo ungemwambia jirani. Halafu usimpelekee. Funga daftari, lala. Kesho yake soma tena. Mara nyingi utaona kwamba nusu ya maneno yale hayakustahili kusemwa, na nusu iliyobaki inaweza kusemwa kwa upole. Mabaraza ya usuluhishi yangepata nafuu kama wengi wetu tungekuwa na kitabu cha kugombana nacho kwanza.

Siku ukiwa huna la kuandika, nenda kwa mzee. Muulize kitendawili, au hadithi ya sungura na fisi, au jina la mti na kazi ya mizizi yake. Muulize habari za zamani, jinsi akina mama wa uwanda wa Makonde walivyoshuka mabondeni kutafuta maji na kupanda tena na mizigo kichwani. Muulize alivyofika kijiji cha ujamaa katika miaka ya 1970, alibomoa nini na alijenga nini. Andika kama anavyosema, usimrekebishe. Wale waliosoma kisomo mwaka 1971 wakiwa na miaka 30, leo wamepita 80. Wengi wametutoka. Kila wiki hapa Kusini anazikwa mtu ambaye habari zake hazikuandikwa mahali popote.

Na usidhani kwamba kuandika maisha ni kazi ya watu wa mjini. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, wilaya ya Masasi, mwaka 1938. Alianza kusoma huku huku Kusini. Baadaye alikuwa mhariri wa magazeti, kisha Rais wa nchi tangu 1995 mpaka 2005. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 2019, na mwaka uliofuata akafariki. Angeahirisha kidogo tu, tusingekuwa nacho. Wewe huandiki kitabu cha Rais. Lakini wajukuu wako watataka kujua shamba lile la bondeni lilipatikanaje, na nani alipanda mkorosho wa kwanza.

Liko swali moja la mwisho ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini: je, mume wangu akilisoma? Mke wangu akilisoma? Ni swali la haki. Wengine hutumia madaftari mawili. La kwanza ni la nyumba nzima, lina hesabu, mvua, hadithi na tarehe za kuzaliwa watoto, na kila mtu analisoma. La pili ni la mtu mwenyewe. Mkiwa mmesikizana nyumbani, elezaneni mapema kwamba hilo la pili halifunguliwi na mtu mwingine. Kama hamjasikizana, andika uchungu wako kwenye karatasi, usome, kisha uitie motoni unapopika. Uchungu utakuwa umekwisha kutoka, na ugali utaiva.

La kwanza lakini usilichome. Andika juu ya jalada jina lako, jina la kijiji, na mwaka. Likijaa lifunge ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza maji, uliweke kwenye sanduku la bati, na sanduku uliinue juu ya mawe. Usiliegemeze ukutani. Mchwa wa huku kwetu wanapanda kwa ukuta, nao hawabagui kati ya daftari la hesabu na kiti kibovu.

Kisha nunua lingine.